Gambusi la mfenesi kutoka Unguja: nilicholipa na nilichopata

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza la kila anayeliona mikononi mwangu. Shilingi laki saba. Nusu unatanguliza, nusu siku ya kukabidhiwa. Kwa hela hiyo mtu anapata gita jipya la dukani na mfuko wake na nyuzi za akiba, na nauli ya kurudia nyumbani inabaki. Mimi nimenunua chombo ambacho wapigaji wengi wa rika langu wamekisikia kwenye masimulizi ya wazee tu: gambusi la nyuzi saba, uso wa ngozi ya mbuzi, mwili uliochongwa kutoka gogo moja. Nimekaa nalo kiangazi, nimekaa nalo masika, na nasema limestahili bei yake, ila si kwa sababu zile alizonipa muuzaji.

Nijitambulishe kidogo ili mjue ni masikio ya nani yanayohukumu hapa. Mchana nafundisha hisabati, jioni napiga udi, ile ala ya nyuzi yenye uso wa mbao, kwenye kikundi cha harusi Tanga. Mji wetu una makubwa yake kwenye taarab: ndiko vilikotoka vikundi vya Black Star na Lucky Star, ndiko alikong'aa mwimbaji Shakila binti Saidi, na ndiko magita ya umeme yalikopokewa bila mtu kuzimia. Kwa hiyo si mtu wa kulilia ya kale. Nikipewa chombo cha zamani nauliza kwanza kinashika sauti au hakishiki, halafu ndipo nitakaa kusikiliza historia.

Jina la fundi silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Oda alizonazo zinamtosha, msaidizi wake ni mpwa wake mmoja, na anasema kila anapoandikwa mahali wanakuja watu wa kupiga picha: wanashika patasi, wanatabasamu, wanaondoka. Mlangoni hana kibao. Kibanda chake kiko uani, huko Ng'ambo, na ukiulizia kwa wapigaji wa Mji Mkongwe utapelekwa. Itoshe kujua kwamba ni mtu mmoja mwenye kazi tatu. Usiku wa harusi ni mpigaji, tena si wa kujazia nafasi. Asubuhi ni fundi. Na katikati ya hayo ni msomi, wa shahada na wa santuri, mwenye makabrasha ya vipimo vya magambusi ya zamani ambayo ameyafuata hadi Komoro, ambako gabusi lao lingali likipigwa. Hao watu watatu hawaelewani siku zote. Ukilishika gambusi lake kwa muda unaanza kuona pale mpigaji aliposhinda na pale msomi aliposhinda, na karibu kila sifa na kila lawama niliyonayo inatoka hapo.

Kwa wasiolijua: gambusi lilitangulia udi katika pwani hii. Yemen wanaliita qanbus, na ndilo linalosindikiza uimbaji wa Sana'a ambao UNESCO imeutambua kuwa urithi wa binadamu. Wahadhrami, Waarabu wa Hadhramaut huko Yemen, walilitembeza baharini. Komoro likawa gabusi, Lamu kibangala, huko Malaysia na Indonesia gambus. Halafu ukaja mtindo wa Misri. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa siku zote kuwa aliuleta muziki wa Kimisri kwenye kasri lake. Mwaka 1905 wakajikusanya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja. Na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake kwenye santuri, udi ulikuwa umeshashika kiti. Gambusi likawa la kutundikwa ukutani. Fundi anaweza kukueleza haya saa nzima huku patasi ikifanya kazi, wala hachoshi, kwa sababu kila jambo analikatisha kwa kupiga. Anasema "walikuwa wakipiga hivi", anachukua chombo, anapiga. Kisha anasema "au labda hivi", anapiga tena tofauti. Nimewahi kukaa kwenye semina za muziki zenye projekta na chai ya saa nne ambazo hazikunifundisha robo ya hayo.

Sasa mti. Gambusi langu ni la mfenesi uliong'olewa na upepo shambani, kaskazini mwa Unguja. Mfenesi si mti wa kubahatisha kwa kazi hii. Wahindi huchonga humo ala ya nyuzi iitwayo vina na ngoma iitwayo mridangamu, na mafundi wa milango ya Mji Mkongwe wameutumia miaka na miaka. Ukikatwa ni wa njano iliyoiva, halafu kadiri miezi inavyopita unageuka kahawia. Langu limeanza kubadilika upande wa mgongo, pale panapokutana na tumbo langu na jasho langu, na napenda hivyo. Halikupakwa vanishi. Limepakwa nta ya nyuki, na kila likififia nalipaka mwenyewe kwa kitambaa.

Fundi hakati mti. Hilo ndilo sharti lake, na lisemwe wazi kwamba linamgharimu. Anangoja mti uanguke kwa upepo au uzee, au mwenye shamba apate kibali cha kuuondoa ili ajenge. Ndipo anakwenda kununua shina kabla halijawa mkaa. Ndiyo sababu hawezi kukupa tarehe ya kueleweka. Mimi aliniahidi kabla ya Ramadhani, nikalipata baada ya Idi kubwa. Nilipolalamika alinipeleka nyuma ya kibanda na kunionyesha magogo yaliyochongwa nusu, yamepakwa nta kwenye ncha na kufukiwa ndani ya vumbi la mbao. Mti huchongwa ungali mbichi, wakati ni laini, unaachwa na ukuta mnene, kisha unakaushwa taratibu ili usipasuke. Ukiukimbiza, unapasuka. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ukimkimbiza mwanafunzi anapasuka, itakuwa mfenesi?" Nikanyamaza, ingawa bado nasema angenipigia simu.

Nilimuuliza pia kwa nini asitumie mbao za ngalawa zilizochakaa, maana zimejaa ufukweni na watalii wanazigombea zikiwa meza. Akasema alishajaribu. Mti uliokunywa maji ya bahari miaka mingi umejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu: chombo kinakuwa kizito msimu wa mvua, na msumari ukiutia unaoza. Zinamfaa kwa rafu na viti, si kwa mwili wa gambusi. Nilipenda jibu hilo kwa kuwa ni la mtu aliyejaribu akaona hasara. Siku hizi kila kitu kilichookotwa kinauzwa kwa jina la kuhifadhi mazingira, na wengi hawajiulizi kama kinafanya kazi.

Ila hapa nina neno, na nililimwambia mbele ya mpwa wake. Kuchonga chombo kutoka gogo moja ni kula mti. Udi hujengwa kwa mbavu, vibanzi vyembamba vinavyopindwa kwa moto na kugundishwa, na gogo moja lingetoa mbavu za maudi kadhaa. Gambusi unalikwangua ndani hadi ukuta ubaki milimita tano hivi, na sehemu kubwa ya gogo inaishia sakafuni. Hesabu haidanganyi. Fundi hakubisha. Akanionyesha sufuria: mabanzi ya mfenesi yakichemshwa hutoa rangi ya manjano, na ukanda wa gambusi langu umetiwa rangi hiyo. Mengine yanakwenda kwa mchoma samaki wa mtaani. Nimefurahi kwa mchoma samaki, lakini ukanda wa manjano haurudishi gogo. Kama lengo lingekuwa kuokoa mbao tu, angejenga kwa mbavu. Anachonga gogo kwa kuwa ndivyo walivyochonga wazee, yaani hapo msomi alishinda.

Ajabu ni kwamba msomi alishinda na mimi nikafaidika. Kila mpigaji udi wa pwani anajua kilio hiki: masika yanakuja, gundi inalainika, mbavu zinaachana, unatafuta fundi huku harusi ni Alhamisi. Udi wangu umeshafunguka hivyo, na niliowaulizia kikundini wote wana kisa chao. Gogo moja halina maungio ya kuachana. Mvua zote za mwaka huu mwili wa gambusi haukutikisika. Palipotumika gundi ni pachache, na ni gundi ya ngozi iliyochemshwa, ambayo fundi yeyote anaweza kuilegeza kwa maji moto akafungua na kufunga upya bila kuvunja kitu. Hii ndiyo hoja yake nzuri kuliko zote kuhusu mazingira, na sijui kwa nini haisemi kwanza. Chombo kinachotengenezeka tena na tena ndicho kitakachookoa mti wa kesho.

Vigingi vya kukazia nyuzi ni vya mpingo, vilivyochongwa kutoka vipande anavyookotewa na wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam. Mpingo mnaujua: mgumu, mweusi, ukiutupa majini unazama, na unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Zumari na klarineti za okestra za Ulaya zinatoka kwenye mti huo wetu, na baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009 kwa kuusimamia msitu wao vizuri. Kwa hiyo kuutumia kwa vigingi vya urefu wa kidole, tena kutokana na mabaki, ni matumizi ya mtu mwenye adabu. Ndani ya kijitabu kinachokuja na gambusi, fundi ameandika hata suala la mipakani: mpingo na jamaa zake waliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, lakini tangu mwisho wa 2019 ala za muziki zilizokamilika hazidaiwi vibali hivyo. Mpigaji anayesafiri atashukuru kuisoma kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Uzuri wa vigingi ni wa macho tu. Mkononi ni mateso. Ni vya kusuguana na tundu, hakuna skrubu wala gia, kwa hiyo ukikaza kidogo kinaruka, ukilegeza kidogo kinateleza, na jozi tatu na uzi mmoja wa besi zinakungoja huku bibi harusi anaingia. Nimepata tiba kwenye kazi yangu ya mchana: chaki ya ubaoni, unaipaka kwenye kigingi, kinashika. Kikishika mno unapaka sabuni kavu kidogo. Nilimwomba fundi aniwekee vile vya gia za gita akakataa katakata. Akasema gambusi halikuwa navyo. Nikamwambia na umeme halikuwa nao, mbona kibandani kwako taa inawaka? Mpwa wake alicheka mpaka akaenda nje.

Nimetaja kijitabu, na nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu sijawahi kununua ala yoyote iliyokuja na kitu cha namna hii. Ni karatasi zilizoshonwa kwa uzi, zimeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza ni wa mti: uliposimama, kilichouangusha, mwezi ulipochongwa. Unaofuata ni wa ngozi: mbuzi wa shughuli gani, nani aliikausha. Kisha vipimo vyote, vya gambusi langu kando ya vipimo vya magambusi ya zamani aliyoyachukulia mfano, na kila palipotofautiana ameandika kwa nini. Halafu kuna sehemu yenye kichwa "Niliyoyakisia". Hapo ameorodhesha kila jambo ambalo ushahidi wake haukumfikisha. Mfano ni kiwango cha sauti. Santuri za zamani hazikurekodiwa zote kwa mwendo mmoja, na mashine ikizunguka kwa kasi kidogo tu tofauti na ile ya kurekodia, sauti yote inapanda au inashuka. Basi huwezi kuchukua santuri ukasema walityuni hapa hasa. Ameeleza alichochagua, na kwamba ni uchaguzi. Mafundi wengi wanaokuuzia kitu cha asili hukuapia kuwa ndivyo kilivyokuwa tangu enzi na enzi. Huyu anakuambia mpaka wake uko wapi, kwa maandishi, na unaondoka nao.

Sauti sasa. Uso wa ngozi ni mwepesi kuliko uso wa mbao, kwa hiyo nguvu ya uzi inatoka hewani upesi na kuisha upesi. Mlio unaanza kwa kishindo, mkavu, halafu umekwisha. Anayetoka kwenye udi atashtuka: ile sauti inayobaki ikielea baada ya kupiga, ambayo tunaitegemea kwenye taksimu, yaani kupiga peke yako kwa kubuni papo hapo, haipo. Inabidi risha, kile kipigio cha mkononi, isikome, na ukitaka kushikilia sauti uitetemeshe kwa risha. Lakini mapambo ya haraka, yale ya vidole kupanda na kushuka kwenye makamu za Kiarabu kama Hijazi au Bayati, yanasikika moja moja, hayachanganyikani. Nyuzi zinapishana kwa sauti nne nne, sawa na udi, kwa hiyo vidole havikuhitaji kusoma upya isipokuwa kubana, maana uzi ni mfupi, sentimita 50 hivi. Shingo ni nyembamba, na kwa mkono wangu mdogo ni raha tupu.

Kuna kisa cha kidaraja, kile kijiti kinachoinua nyuzi juu ya ngozi, kinachostahili kusimuliwa. Kwa mujibu wa vipimo vya zamani, kidaraja kikae chini zaidi, karibu na ukingo wa ngozi. Fundi alikiweka hapo kwanza, chombo kikalia kama debe. Akakisogeza juu kidogo kidogo huku akipiga, hadi sehemu ambayo hakuna kipimo cha zamani kinachoielekeza, na sauti ikafunguka ikawa na kifua. Amekiacha hapo. Kwenye kijitabu ameandika pa zamani, pa sasa, na sentensi moja tu: "Sikio langu limekataa." Nadhani ndiyo sentensi bora ya kitaaluma niliyosoma mwaka huu. Inawezekana ngozi zao zilikuwa na unene tofauti, au nyuzi tofauti, au kile chombo alichokipima kilikuwa kimehamishwa kidaraja na mtu mwingine. Hajui, kaandika hajui, na kaamua kama mpigaji. Gambusi hili lina uhai kwa sababu ya sentimita hizo chache.

Laiti angefanya vivyo hivyo kwa nyuzi. Lilikuja na nyuzi za utumbo wa mbuzi, amezisokota mwenyewe. Mlio wake ni mtamu, nakiri, una joto ambalo nailoni haina. Lakini hewa ya bahari na vidole vyenye jasho havina huruma nazo: zilianza kuchanika nyuzinyuzi, na uzi mwembamba kabisa ukakatika jukwaani, katikati ya beti, mwimbaji akanitazama kwa jicho ambalo silisahau. Nikafunga mshipi wa kuvulia samaki wa unene unaokaribiana, kama wanavyofanya wapigaji wengi, na sauti ikapungua utamu kidogo, ila harusi ikaisha. Nilipomweleza fundi alikaa kimya kisha akasema kwa upole kwamba mshipi ni plastiki, na plastiki ndiyo inayojaa pwani yetu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba jozi zangu za nailoni zitakaa msimu mzima wakati za utumbo zingebadilishwa mara kadhaa, na kila uzi wa utumbo una kazi ya mtu na maji na chumvi nyuma yake. Hatujaafikiana. Sasa anatuma za aina zote mbili ukimwomba, na ninashauri umwombe.

Ngozi nayo ina mambo yake. Kiangazi gambusi linawika. Masika yalipoingia, asubuhi moja nikalikuta limelegea, sauti imezama, kidaraja kimedidimia, nyuzi zinagusa shingo. Nikapiga simu.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Mwalimu. Habari za Tanga?"

"Tanga salama. Mgonjwa ni gambusi."

"Ngozi hiyo. Liotee moto."

"Jiko la gesi?"

"Hapana bibi wee! Mkaa. Mbali. Wewe ukiona joto zuri usoni mwako, na lenyewe linaona."

Watu wa ngoma wanalijua hili tangu zamani, huwezi kuanza ngoma kabla ya kuotesha ngozi. Lakini mpigaji ngoma ana muda wa kuotea nje huku watu wanakusanyika, na moto unawashwa kwa ajili yake. Mimi niko ukumbini, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe na utepe. Siku za mvua sasa nakwenda na udi, na gambusi linabaki nyumbani. Ukweli ndio huo. Dhamana yake inasema ngozi ikichanika atabadilisha bure mara ya kwanza, ukimfikishia mwenyewe. Kulegea kwa unyevu haihesabu kuwa kasoro, na nadhani ni haki.

Nilitaka kuona mwenyewe anavyolitumia kazini, nikamfuata kwenye harusi moja huko huko Unguja. Alifungua na gambusi, yeye na fidla na ngoma ya dumbaki na lile sanduku la besi la kidumbaki, taarab ndogo ya mtaani, lililotengenezwa kwa kasha la chai, fimbo na kamba. (Wanaozungumzia ala za mabaki kana kwamba zimevumbuliwa jana, wakatazame sanduku la kidumbaki.) Ilikuwa nusu saa ya ajabu. Kila kipigo cha gambusi kilipenya juu ya dumbaki bila spika. Akina mama waliokuwa wakipanga sahani walisimama. Halafu kinanda cha umeme kikawashwa, spika zikafunguliwa, na fundi akalivika gambusi mfuko wake, akachukua udi wenye waya wa umeme, akaendelea hadi usiku wa manane. Hakuomba radhi wala hakueleza. Mtu aliyelichonga kwa mkono wake anajua linafika wapi, na kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko maneno yote ya kijitabu. Kibandani husema gambusi lirudi mahali pake kwenye taarab. Jukwaani, mahali pake ni nusu saa ya kwanza, kwenye chumba kidogo, bila kinanda. Mimi nalikubali gambusi la jukwaani kuliko lile la kibandani.

Mfuko: umesukwa kwa ukili, ndani kuna kanga iliyokunjwa mara mbili. Unapendeza, unapumua, hauna hata kipande cha plastiki. Kwenye boti nilioneshwa vidole na kusifiwa. Kwenye basi la Tanga utingo aliutupia begi la mtu juu yake nikapiga kelele stendi nzima ikageuka. Kama unasafiri nalo, tafuta kasha gumu. Fundi hataki kusikia habari za kasha gumu, na sikuona sababu ya kugombana naye juu ya hilo pia.

Bei inajumuisha masomo ya mwanzo, na hapo sina lawama yoyote. Anafundisha kwa kuimba. Unakaa mkekani, yeye anaimba kipande, wewe unajibu kwa nyuzi; ukikosea haimbi tena mpaka uliimbe kwanza kwa mdomo wako mwenyewe. Miaka yote nimepiga udi kwa macho, nikitazama vidole. Hapo nililazimika kupiga kwa koo. Mwanafunzi mwenzangu siku hizo alikuwa kijana wa sekondari ambaye hakulipa kitu, alikuja tu na mabanzi aliyoombwa kuyaokota, na alinipita kwa mbali.

Nani alinunue basi? Kama una udi mmoja tu na unaishi kwa harusi, usinunue hili kabla ya kutengeneza huo ulio nao. Kama unaimba peke yako, unapigia watu wachache, au unafundisha watoto, hutapata chombo kizuri zaidi pwani hii kwa laki saba, maana kwenye mikono midogo ni jepesi na kwenye mvua halifunguki mbavu. Ukiagiza, mwambie mapema mambo matatu: nyuzi za aina zote mbili, kidaraja kiwe pale sikio lake lilipopachagua, na ngozi isiwe nyembamba kama unaishi karibu na maji. Vigingi vya gia usijisumbue kuviomba, labda mkijaa wengi atachoka kukataa. Malipo kwa simu anapokea. Tarehe atakayokupa, wewe isogeze mbele hadi sikukuu inayofuata. Shule yetu imeshatanguliza nusu ya gambusi la pili, dogo, kwa ajili ya darasa la muziki, na gogo lake nimeambiwa lingali kwenye vumbi.